Magari ya motere mbili: nilichojifunza mu masta, na kazi inayotungoja hapa

Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa chama, hapa Lubumbashi. Komite iliomba yaandikwe mu gazeti yetu kwa ajili ya wale waliokosa kufika na kwa wafadhili wetu. Tumeyaacha karibu sawa vile aliyasema.



Komite ilinipa dakika makumi mbili na swali moja. Ile masta ulienda kusoma Ufaransa, ya magari ya ibridi, ilikupa nini, na sisi itatupa nini? Swali ni la haki. Mu mfuko wetu kuna falanga ya masomo iliyoletwa na wafadhili, na wazazi wawili wameandika barua wakiomba itumike kumpeleka mtoto mmoja Ulaya akasome kama mimi. Uamuzi bado. Kwa hiyo nasema wazi toka mwanzo, ili mtu asinishuku kwamba nazunguka: mimi ninaona falanga ile, mwaka huu, isipande ndege. Ibaki hapa, iingie mu magaraji. Atakayeona vingine atanijibu kiisha, tuko watu wa nyumba moja.

Kwanza tusikilizane juu ya neno lenyewe. Gari ya ibridi ni gari yenye motere mbili za kuisukuma, moja ya esansi, ingine ya umeme. Zile nyingi tunazoziona hapa, Prius, Aqua, Fielder fulani-fulani, si gari za kuchomeka ku prize. Zilitumika Japani miaka mingi, kiisha zikapanda meli hadi Dar es Salaam, zikavuka Zambia, zikaingia Kasumbalesa, usukani bado ku mukono wa kuume. Mwenye kununua mara nyingi hajui alichonunua. Anaona neno HYBRID nyuma ya gari anafikiri ni pambo tu la modeli.

Watu wananiuliza: gari ya umeme hapa, na delestaji hii yote? Njo vile haswa ibridi inafaa hapa kuliko ile ya umeme mtupu. Haikuombi umeme wa nyumba. Umeme wake inajitengenezea yenyewe njiani. Ukikanyaga freni, motere ya umeme inageuka jenereta: magurudumu yanaizungusha, inashika mwendo wa gari, inaurudisha mu bateri. Mu gari ya kawaida mwendo ule unageuka joto ku plaketi za freni na kupotea mu hewa. Ukiondoka tena pa roo-pwe, au mu ile msongamano ya soko ya Kenya saa kumi na moja jioni, ni umeme ule unakusukuma, na motere ya esansi imenyamaza.

Toyota ilianza kuuza Prius ya kwanza Japani mwaka 1997. Kwa hiyo si kitu cha jana, ni zaidi ya miaka makumi mbili na tano. Sisi tunakikuta leo kwa sababu magari yanatufikia yakiwa mazee.

Sasa, masta. Ilikuwa masomo ya kitaaluma, ya watu walio tayari mu kazi: majuma kadhaa darasani, majuma kadhaa mu karakana ya kampuni, mwaka mzima hivyo-hivyo. Miye nilikuwa na miaka kumi ya garaji nyuma yangu, toka hapa Kampemba mpaka kule. Nilitegemea siku ya kwanza watatufungulia motere watuonyeshe siri. Hapana. Juma nzima ya kwanza tulifundishwa kuzima.

Wafaransa wana kanuni inaitwa NF C 18-550. Inasema nani ana ruhusa ya kugusa nini ku gari yenye umeme wa nguvu. Anayeosha gari na kubadilisha mpira ana daraja yake. Fundi wa kawaida ana yake. Anayeruhusiwa kukata umeme na kusema mbele ya wenzake «sasa gari imekufa, mnaweza kuigusa» ana yake, na jina lake linaandikwa ku karatasi. Bila karatasi ile, hata uwe na diplome ya ukutani kubwa namna gani, kaa pembeni na mikono mu mifuko. Mu darasa letu kulikuwa mainjinia wawili walioshindwa mtihani ule mara ya kwanza. Fundi mmoja wa mabasi, asiyependa vitabu hata kidogo, aliupita bila shida.

Nitawaeleza namna inafanyika, sababu hii njo roho ya jambo. Unazima gari, ufunguo unaupeleka mbali, metre tano au zaidi, kwani funguo za siku hizi zinazungumza na gari bila kuguswa. Unafungua waya wa bateri ndogo ya volti 12. Unavaa glavu za mpira za daraja 0, zinazovumilia hadi volti 1,000, na kabla ya kuvaa unazijaza hewa, unazikunja, unasikiliza kama zinavuja. Tundu dogo sawa ncha ya sindano linatosha kukuua. Unatoa plagi ya usalama ya rangi ya machungwa iliyo karibu na bateri kubwa, unaiweka mu mfuko wako wewe mwenyewe, si juu ya meza. Kiisha unangoja. Dakika kumi. Kule ndani kuna kondansateri zinazobaki na umeme hata kama bateri imetengwa, na zinahitaji wakati wa kujimwaga. Baadaye unapima kwa multimetri, na multimetri yenyewe unaipima kwanza mahali unapojua kuna umeme, ili usiamini kifaa kilichokufa. Ukiona sufuri, njo unasema gari imekufa.

Dakika kumi za kungoja bila kufanya kitu. Mu garaji ya kwetu, patro amesimama, mteja amesimama, nani atangoja dakika kumi? Mnacheka, lakini hapo njo shida yote ilipo.

Nguvu iliyo mu mabateri yale ni hii. Prius zilizotoka toka 2003 mpaka karibu 2015 zina moduli 28, kila moja volti 7.2, zimefungwa mstari mmoja: jumla volti 201.6. Aqua za kizazi cha kwanza zina moduli 20, volti 144. Na kabla umeme haujafika ku motere, kuna sanduku linaupandisha, mu Prius za toka 2009 hadi volti 650. Tena si umeme sawa ule wa nyumba. Wa nyumba unakwenda na kurudi, unapita sufuri mara mia kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake inapata nafasi ya kufa. Huu unakwenda upande mmoja tu. Cheche ikishawaka haitaki kuzimika.

Kijana mmoja wa hapa mjini, jina lake nalifunika, alifungua bateri ya Aqua kwa sababu aliona mu telefoni mtu wa nchi ingine akifanya vile. Mikono mitupu, kle ya chuma. Kle ikaanguka kati ya vyuma viwili vya moduli. Aliniambia: «Kaka, niliona jua.» Ncha ya kle iliyeyuka. Vidole vitatu viliungua, na jicho moja lilikaa majuma mawili bila kuvumilia mwanga. Yuko muzima, Mungu asifiwe, na amerudi kazini. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kabla, na patro wake hakujua pia. Mpaka leo garaji ile haina jozi hata moja ya glavu. Juma lililopita nilipita pale, kulikuwa Prius imefunguliwa kiti cha nyuma.

Mtaniuliza, ni hayo tu ulienda kusoma? Hapana, kulikuwa mengi. Kulikuwa hesabu, na hesabu ilinifungua macho zaidi ya motere yenyewe. Mfano mmoja, nisiwachoshe. Gari ya kilo 1,300 ikikimbia kilometa 50 kwa saa ina ndani yake mwendo wa kama kilojuli 125. Ni kiasi kidogo: kama sehemu 35 kati ya elfu za kilowati-saa moja. Ukisimama mara mia mu siku, unaanza kuona faida. Usiposimama, hakuna cha kurudisha. Njo maana taksi ya katikati ya mji, kati ya posta na Kamalondo, inaweza kupunguza esansi karibu theluthi moja, na mtu anayetoka hapa kwenda Kolwezi moja kwa moja, kilometa 300 hivi, haoni tofauti kubwa, kiisha anasema ameibiwa. Hakuibiwa. Alinunua chombo cha mji akakipeleka barabara kuu.

Kingine: bateri kubwa ile, wengi wanafikiri njo tanki ya gari. Ile ya Prius inashika kilowati-saa 1.3. Litre moja ya esansi ina karibu 9. Fanyeni hesabu: bateri nzima, kilo na kilo za chuma chini ya kiti, haibebi hata nguvu iliyo mu glasi moja ya esansi. Bateri ile ni mfuko wa shati, si gala. Unaweka sarafu, unatoa sarafu, siku nzima. Ukishaelewa hivyo, unaelewa pia kwa nini inazeeka: kazi yake ni kuingiza na kutoa bila kupumzika, na kitu kinachoiua upesi ni joto.

Hapo nifike ku jambo ambalo hakuna mwalimu wa Ufaransa aliyenifundisha, sababu kule hakuna vumbi ya kwetu. Bateri inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari, tundu lake liko kando ya kiti cha nyuma. Kiangazi cha Lubumbashi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi nyekundu ile inaingia pale, inashikamana na nyuzi za viti, inafunga feni. Bateri inachemka, taa nyekundu inawaka, fundi anasema «bateri imekufa, leta dola elfu na zaidi». Mara ngapi nimetoa feni, nikaisafisha kwa burashi ya meno, nikapima moduli moja-moja, nikakuta ni moja tu imelegea kati ya 28! Mara zingine si hata bateri kubwa. Ni ile ndogo ya volti 12 imechoka, na gari yote inaonekana maiti. Mama mmoja wa hapa ndani alikuwa karibu kuuza Prius yake kwa bei ya chuma. Sasa anaendesha, na nikiangalia ile safu ya nyuma ninamuona anacheka.

Na hili pia mafundi wetu wanakutana nalo bila kuambiwa. Mu Toyota za namna hii hakuna demarere. Hakuna alternateri. Hakuna ambreyaji. Fundi anaingia chini ya gari anatafuta demarere nusu siku, hailioni, anadhani ilishaibiwa! Kazi ya vitu vyote vitatu inafanywa na motere mbili za umeme na sanduku dogo la meno: jino moja katikati, meno madogo yanayolizunguka, na duara la nje. Motere ya esansi inasukuma yale madogo, jenereta imeshikwa na la katikati, motere kubwa ya umeme inashika duara la nje linaloenda ku magurudumu. Hata kurudi nyuma, gari inarudi kwa umeme tu. Ni kazi nzuri sana, miye nilipoiona imefunguliwa juu ya meza nilikaa kimya kama mtu aliye kanisani. Lakini ina hatari yake: gari ikiwa imeandika READY, hata kama iko kimya, iko hai. Motere ya esansi inaweza kuwaka yenyewe na mukono wa fundi uko ndani.

Sasa nije ku wazee wetu, sababu hapa njo nataka kukaa kidogo.

Siku moja kule, profesa alituonyesha picha ya kamyo kubwa za machimbo. Akaeleza: motere ya mazutu haisukumi magurudumu, inazungusha jenereta, na jenereta inalisha motere za umeme zilizo ndani ya magurudumu. Mahali pengine, alisema, wanatundika nyaya juu ya barabara ya mupando, kamyo inainua mikono miwili, inashika umeme wa juu, inapanda na mzigo wake karibu bila kuchoma mazutu. Wenzangu walishangaa. Miye sikushangaa. Nilisema: Profesa, kwetu Kolwezi, Gécamines ilifanya vile mu miaka ya 1980. Leo ng'ambo tu ya mpaka wetu, Zambia, ku machimbo ya Kansanshi karibu na Solwezi, wanafanya vile tena.

Alinitazama. Akaniuliza nani alizitunza kamyo zile. Nikamwambia, baba zetu.

Na si kamyo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, reli kati ya Tenke na mji tunaouita leo Likasi, wakati ule Jadotville, ilianza kuvuta treni kwa umeme, kati ya za kwanza Afrika kutumia umeme wa namna ile. Mwaka 1982 laini ya Inga ilifika Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, volti 500,000, na ni umeme wa upande mmoja, sawa na wa bateri. Kwa hiyo watu waliozoea kuishi karibu na umeme unaoua, waliozoea kufunga kwa kadena na kutia ufunguo mfukoni kabla ya kugusa, hatuna haja ya kuwatafuta Paris. Wako Katuba. Wako Likasi. Wako mu nyumba zao na pansyo isiyokuja, wanacheza dame chini ya mwembe. Neno konsinyasyo, ambalo miye nililipia masomo ya mwaka mmoja, mzee yeyote aliyefanya kazi ya umeme Gécamines au ku reli atakueleza mu dakika tano, na atakueleza pia ni rafiki gani alikufa siku mtu aliisahau.

Sitaki kusema masta haifai kitu. Ingekuwa uongo, na ingekuwa kutowashukuru wale walionisaidia kuifika. Ilinipa utaratibu. Ilinipa namna ya kuuliza «nguvu inapotelea wapi?» badala ya «kipande gani tubadilishe?» Kuna kazi zinazohitaji shule ile na zaidi: kuandika programu inayolinda bateri, kuchagua kemia yake, kuunda gari yenyewe.

Na kuunda gari si ndoto ya wazungu peke yao. Mu Kampala, chuo kikuu cha Makerere, wanafunzi na walimu walishiriki mu mradi wa vyuo vya dunia nzima uliotoa mu 2008, kule Turin, gari ya ibridi ya watu watano iliyoitwa Vision 200. Hawakuishia pale. Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa walirudi nyumbani wakatengeneza gari ya umeme ya watu wawili, Kiira EV, ikaendeshwa mbele ya watu mu 2011. Mwaka 2014 wakatoa Kiira EV Smack, ya ibridi, watu watano: umeme unaisukuma, na motere ndogo ya esansi inalisha bateri ikipungua. Mu 2016 likafuata basi, Kayoola, lenye sola juu ya paa. Serikali yao ilitia pesa, na leo ni kampuni yenye kiwanda Jinja. Mtu anaweza kubishana kama pesa ile yote ilitumika vema. Waganda wenyewe wanabishana sana. Kitu kimoja ninakipenda: wale vijana walijifunza ibridi kwa kuijenga, nyumbani, mikono ikiwa na mafuta. Masta yao ilikuwa gari.

Hapa pia mlango umefunguka kidogo. Mwaka 2022, UNILU ilipata kituo cha Afrika cha utafiti wa bateri, na mwezi ule ule wa nne nchi yetu na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza bateri pamoja. Sote tunajua kwa nini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo huu, na kila siku tunaziona kamyo zikiibeba kwenda Kasumbalesa. Hata zile bateri za zamani za Prius, za nikeli, zina kobalti kidogo ndani. Kwa hiyo kitu kinatoka hapa kama jiwe, kinazunguka Japani, kinarudi ndani ya gari nzee, na kijana wetu anakifungua na kle bila glavu. Siongezi neno hapo.

Nirudi ku falanga. Mwaka 2019 Ufaransa iliweka kwamba mgeni asiye wa Ulaya alipe euro 3,770 kwa mwaka mmoja wa masta mu chuo cha serikali. Vyuo vingine vinasamehe, vingine havisamehi. Kwa viza unaonyesha euro 615 kila mwezi, maana yake 7,380 kwa mwaka. Hapo bado ndege, bado koti ya baridi, bado mwezi wa kwanza unapolala ku kitanda cha binamu. Jumlisheni. Kwa mtoto mmoja. Na nani hapa, akinyosha mukono kwa ukweli, anaweza kuahidi kwamba atarudi? Miye nilirudi kwa sababu mama aligonjwa. Si kwa sababu chama kilinishawishi, samahani bwana prezida.

Jozi ya glavu za daraja 0 haifikii dola mia. Multimetri nzuri ya volti 1,000, vifunika-uso, kle zenye mpira, kadena, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: garaji moja unaivisha yote hiyo kwa sehemu ndogo ya mwaka mmoja wa Ulaya. Ombi langu ni kuchagua magaraji matatu, moja Katuba, moja Kenya, moja Kampemba, yenye patro anayekubali ile sharti ya dakika kumi. Kila garaji ilete vijana wanne. Miye nitafundisha jumamosi, bila malipo, miezi sita. Lakini siombi kufundisha peke yangu. Naomba tutafute wazee watatu wa umeme, wa Gécamines au wa reli, na wao walipwe. Ndiyo, walipwe, kila jumamosi, mu mukono. Tusiwaite waje kwa heshima tu na soda moja. Shule za ufundi kama Salama na Cité des Jeunes zimelea mafundi wa mji huu miaka mingi. Tuwaombe darasa na meza, sidhani watatukatalia.

Vijana wasichana pia, bamama. Msinitazame vile. Kupima moduli 28 moja-moja na kuandika namba bila kuchoka ni kazi inayotaka uvumilivu, na sijaona bado kijana mwanaume anayeifanya asubuhi nzima bila kushika telefoni.

Na yule mtoto wa wazazi walioandika barua? Ninamjua. Ni muzuri wa hesabu. Aingie UNILU, Polytechnique, chama kimsaidie minervali, na jumamosi aje avae glavu pamoja na wengine. Baada ya miaka miwili, kama bado anataka masta ya mbali, atakwenda akijua swali gani anaenda kuuliza kule, na miye nitamuandikia barua ya kwanza. Wazazi wake wako hapa, nimeongea nao kabla ya kupanda hapa mbele. Baba hajakubali. Mama anafikiri.

Wafadhili wetu, ninyi mlitoa falanga ile mkiandika «kwa masomo». Mnaweza kuuliza kama jumamosi mu garaji ni masomo. Tutawatumia daftari: jina la kila kijana, kila gari iliyofunguliwa, nani alipima, alikuta volti ngapi, nani alisema gari imekufa. Kule Ufaransa daftari hilo njo lilikuwa mtihani wangu.

Jozi mbili za glavu ninazo hapa mu mfuko, nilikuja nazo toka kule. Kiisha kura ya komite, mwenye kutaka kujifunza kuzijaza hewa aje nyuma, karibu na mlango. Na yeyote mwenye baba, mjomba au jirani aliyefanya umeme Kolwezi, Likasi au ku reli, amwachie mama sekretere jina lake na mtaa leo kabla hajatoka, sababu wazee hawa tunawazika kila mwezi.